Sura ya Saba: Gari Likizima Kabla ya Kufika Same

Kila Desemba, shule zikishafungwa, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hubadilika sura. Mabasi huongezwa, lakini wanaoijaza zaidi ni watu wenye magari yao: Noah, IST, Rav4, Prado, Spacio iliyotoka Japani ikiwa tayari imetembea sana. Wachaga na Wapare wanarudi nyumbani kula Krismasi. Gari la watu saba lina watu tisa. Juu ya keria kuna mabegi, godoro na mfuko wa mchele wa bibi. Nyuma, pale pale tairi la spea lilipolala chini ya zulia, zimepangwa katoni za soda na ndoo ya mafuta ya kupikia.

Ukichunguza mahali magari haya yanapoharibikia, utaona jambo. Mengi hayasimami Kibaha wala Chalinze. Yanavuka Mto Wami vizuri, yanapita Segera, yanapumzika Korogwe watu wakala wali na kuku, kisha yanaendelea. Yakishaiacha Mombo na mashamba ya mkonge, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia na nyika mkono wa kushoto, ndipo unapoanza kuyaona yameegeshwa pembeni, boneti juu, mama na watoto wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha gari lenyewe. Kipande cha Mkumbara hadi Same, karibu kilomita 100, hakina mlima mkali. Kina joto na ukame, na kina saa yake: dereva aliyeondoka Dar alfajiri hufika hapo saa sita au saa saba mchana, jua likiwa utosini na injini ikiwa imeshafanya kazi nusu siku bila kupoa.

Gari la mjini halijazoea kazi hiyo. Asubuhi linatoka Tegeta hadi Posta kwa foleni, linazimwa, jioni linarudi. Injini yake haijapata kukimbia saa sita mfululizo, kiyoyozi kikiwaka na mzigo umejaa hadi dirishani. Rejeta iliyoongezewa maji ya kisima cha chumvi kwa miaka mitatu badala ya kulanti huwa imeziba nusu kwa kutu, na kwa safari za Posta nusu iliyobaki inatosha. Kwa Hedaru saa saba mchana haitoshi. Ndivyo ilivyo kwa mkanda wa feni ulioanza kuchanika, kwa betri inayowaka kwa kubembelezwa, kwa tairi lenye nyufa nyembamba ubavuni. Safari ndefu inafichua ubovu ambao mji ulikuwa umeuficha.

Nimesafiri njia hii kwa miaka mingi, nikiwa mtoto wa kiti cha nyuma na baadaye nikiwa na watoto wangu, na nimefikia imani moja ambayo sura hii yote inaitetea. Gari kuharibika njiani ni usumbufu na gharama, basi. Maafa huja kutokana na yale yanayofanywa dakika kumi za mwanzo, na mengi ya hayo yanatokana na dereva mmoja kuamua peke yake kwamba tutafika tu.

Jirani yangu mmoja alipita Hedaru na mshale wa joto umeanza kupanda. Alizima kiyoyozi, akafungua vioo. Mke wake akasema, "Baba, tusimame kwanza." Akajibiwa kwamba Makanya iko hapo mbele, huko kuna mafundi na kivuli, tutafika. Mshale ukagusa alama nyekundu, naye akaongeza mwendo ili awahi. Hawakufika Makanya. Mvuke ulitoka chini ya boneti, nguvu ikakata, gari likazima na halikuwaka tena. Fundi wa Same alipofungua injini alikuta mpira wa rejeta umepasuka, kitu cha bei ya chakula cha mchana cha familia. Lakini injini iliyokimbizwa bila maji ilikuwa imepinda silinda hedi na kuunguza gasketi. Fedha za ada ya shule ya Januari ziliishia pale.

Nataka msomaji aelewe kinachotokea ndani, maana anayeelewa husimama bila kuambiwa. Injini nyingi za magari yetu madogo zina silinda hedi ya aluminiamu, metali nyepesi inayotanuka haraka ikipata moto. Maji yanayozunguka ndani yake ndiyo yanayolibeba joto hadi kwenye rejeta. Yakipungua, joto hubaki hapo hapo, hedi hujikunja kwa kiasi ambacho macho hayakioni, na gasketi iliyo kati yake na bloku huacha nafasi. Hapo maji na oili hukutana. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au bomba likitoa moshi mweupe mzito usiokoma, usiwashe tena. Gari hilo livutwe. Kila dakika unayoliwasha inaongeza bei.

Kwa hiyo mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na uwashe hita, hata kama nje kunaunguza. Hita huchukua joto la injini na kulitupa ndani ya gari. Watoto watalalamika, walalamike, ni dakika chache za kutafuta mahali salama pa kuegesha. Baadhi ya magari madogo hayana mshale kabisa, yana taa tu ya rangi nyekundu kwenye dashibodi. Ikiwaka, hakuna tena nafasi ya kusubiri, maana taa huchelewa kuliko mshale. Egesha, zima, fungua boneti, uache.

Na kofia ya rejeta usiiguse. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linalowaunguza watu uso na kifua. Kofia ile imetengenezwa kuzuia shinikizo, na maji yaliyo chini ya shinikizo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiifungua, shinikizo linashuka ghafla, maji yote yanachemka kwa mara moja na kuruka juu. Subiri nusu saa au zaidi, hadi uweze kuuminya mpira wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Kisha funika kofia kwa kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha ipumue, ndipo uitoe. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto wala kuyajaza kwa pupa. Metali ya moto ikipata baridi ghafla hupasuka.

Wakati wa kusubiri, fanya uchunguzi. Chini ya gari pana maji? Yanatoka wapi? Mkanda upo? Kuna swali moja ambalo fundi mzuri atakuuliza, nawe uwe na jibu: gari linachemsha likisimama au likikimbia? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, mshukiwa wa kwanza ni feni. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa na kupoa ukipunguza, tatizo liko kwenye njia ya maji: rejeta imeziba, pampu imechoka, au themostati haifunguki. Jibu hilo litakuokolea saa nzima ya kubahatisha na pesa ya kipuri ambacho hukukihitaji.

Mpira uliopasuka karibu na ncha unaweza kukatwa hapo palipopasuka na kufungwa upya na klipu yake. Uliopasuka katikati hufungwa kwa vipande vya tyubu vilivyokazwa sana, kazi ambayo madereva wa malori wanaijua vizuri kuliko yeyote. Ukishafunga hivyo, kofia ya rejeta isikazwe hadi mwisho, ili shinikizo lisiutatue ule mfungo, na uende taratibu ukisimama kuongeza maji. Hiyo ni dawa ya kukufikisha mji wa karibu. Wengine huifanya iwakae mwezi, na hao nawasihi waache.

Anayeona aibu kuharibikiwa akiwa na familia ajue kwamba safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilikuwa ya mama na wanawe wawili, na waliharibikiwa njia nzima. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Karl, bila kumwambia, akawapakia Eugen na Richard, vijana wadogo, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake mzazi. Ni zaidi ya kilomita 100 za Ujerumani ya wakati ule, barabara za mikokoteni. Mafuta yalipokaribia kwisha walinunua kimiminika cha kusafishia madoa katika duka la dawa mjini Wiesloch. Njia ya mafuta ilipoziba, Bertha aliizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunga kwa mkanda wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha, fundi viatu alizipigilia ngozi. Milimani, watoto walishuka wakasukuma. Na kwa kuwa maji ya kupozea injini yale yaliishia hewani yakiwa mvuke, walisimama kila mara kuchota kwenye mitaro na visima. Jioni walifika, wakampelekea Karl simu ya maandishi kwamba wamefika salama.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni mwendo wa mama yule. Kila kilipoharibika kitu alisimama, akatazama, akatumia alichonacho au akamtafuta mwenye ujuzi. Na alirudi nyumbani na orodha ya marekebisho: gari lilihitaji gia ya ziada ya kupandia milima.

Sasa tutoke kwenye injini twende kwenye watu, maana hapo ndipo roho zinapotoka.

Gari lililosimama kwenye barabara kuu ni hatari kuliko gari bovu linalotembea. Lori au basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva wake akichelewa kukuona kwa sekunde 3, ameshameza mita 66 kabla hata ya kugusa breki, na lori lenye mzigo halisimami papo hapo. Kwa hiyo, kabla hujafungua boneti, kabla hujampigia mtu simu, liondoe gari kwenye lami kadiri inavyowezekana, washa taa za tahadhari, na uwashushe watu kupitia milango ya upande wa mtaroni. Wote. Bibi pia, hata akisema miguu inauma na yeye atakaa tu ndani. Wapeleke mbali na lami, wasikae mbele ya gari wala nyuma yake, maana gari likigongwa husukumwa. Mtu mzima mmoja kazi yake iwe watoto tu, asichungulie injini.

Pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali. Wengi huiweka hatua kumi nyuma ya gari, umbali ambao unamwambia dereva anayekuja kile anachokiona tayari. Hesabu hatua 100, na kama umesimama baada ya kona au kilele, ipeleke hadi kabla ya kona hiyo, na mtoto mkubwa azuiwe asikufuate.

Halafu kuna majani. Kila anayesafiri Afrika Mashariki anayajua: matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani, moja, kisha jingine, kisha fungu, na baada ya hapo lori lililokatika ekseli. Ni desturi ya madereva wenyewe na imeokoa wengi, kwa sababu tawi kila mtu analo karibu na pembetatu si kila mtu anayo. Naiheshimu. Ila usiku majani hayaakisi mwanga, na dereva anayetoka mbali huyaona akiwa ameyafikia. Mchana yatumie pamoja na pembetatu. Usiku pembetatu ndiyo ya kutegemea, na tochi mkononi mwa mtu aliyesimama nje ya lami.

Na mawe? Mawe ya kuzuia magurudumu yasirudi nyuma, gari likipona, dereva anapanda na kuondoka, mawe yanabaki. Nimeyaona kwenye lami saa mbili usiku, makubwa kama kichwa, mahali ambapo hapakuwa na gari wala mtu. Pikipiki inayokutana na jiwe lile haina la kufanya. Mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara hizi ziliacha kulala. Aliyeacha jiwe barabarani amemtegea mwenzake mauti, na sioni neno jepesi zaidi la kulieleza hilo. Mkabidhi mtoto mmoja mwenye akili jukumu la kukukumbusha: "Baba, mawe." Watoto hawasahau kazi waliyopewa.

Katika hifadhi mambo hugeuka. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na pale kuna tembo, nyati na simba wasiojua kwamba wewe umeharibikiwa. Hapo hakuna kutembea kutafuta msaada, na hakuna kwenda kuchimba dawa nyuma ya kichaka, hata mtoto abanwe vipi. Jambo hilo limalizwe kando ya mlango, mtu mzima akiangaza macho. Egesha nje kabisa ya lami, simamisha gari linalopita, tuma ujumbe kwa askari wa hifadhi kupitia kwa dereva huyo, kaeni ndani. Ni mahali pekee ninapoishauri familia ibaki ndani ya gari.

Tairi nalo lina lake la kusema. Kinacholiua tairi ni joto, na joto huletwa na upepo mdogo kwenye mzigo mkubwa: ubavu hujikunja na kujikunjua maelfu ya mara kwa dakika chache hadi raba iachane na nyuzi. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaeleza upepo unaotakiwa, na magari mengi hutaja kiasi kikubwa zaidi kwa gari lililojaa. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Tazama pia umri. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi ni raba iliyokauka, na wauzaji wa mitumba wanalijua hilo.

Spea nyembamba iliyokuja na gari dogo haikutengenezwa ikupeleke Moshi. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa na ni ya kukufikisha kwa fundi pancha tu. Huhitaji upepo wa kama 60 psi, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na nyingi nilizowahi kuziona zimekaa miaka bila kuguswa, laini kama mto. Kabla ya safari itoe, ijaze, hakikisha jeki inapanda na wilispana inaingia kwenye nati zako. Kisha katoni za soda zipangwe pengine.

Breki nitazitaja kwa ajili ya wanaokwenda Iringa na Mbeya. Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, unapandwa ukienda na kushukwa ukirudi, na balaa ni la kushuka. Anayeshuka akikanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinakataa kushika. Shuka kwa gia ambayo ungepandia. Gari la otomatiki nalo lina gia ndogo, ziweke. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikawa ndefu, simama mahali pa wazi, subiri zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Taa ya betri ikiwaka mnatembea, alteneta imeacha kuchaji, na kuanzia hapo gari linakula akiba iliyomo kwenye betri. Zima kiyoyozi, redio na kila kinachotumia umeme, usizime injini, tafuta mji. Ikiwa mchana unaweza kwenda mbali kidogo. Ikiwa usiku, taa zitaimaliza akiba hiyo mapema, kwa hiyo simama mahali penye watu wakati bado unaona. Na gari la otomatiki likishindwa kuwaka, msilisukume; haliwaki kwa kusukumwa. Kulivuta nako kuna masharti. Pampu inayopeleka oili kwenye giaboksi huzunguka pale tu injini inapowaka, hivyo magurudumu yanayoendesha yakizungushwa chini kwa kilomita nyingi, giaboksi inasagika kavu. Gari kama hilo linapakiwa juu ya lori la kuvutia, au linanyanyuliwa upande wa magurudumu hayo. Anayekuambia "tufunge kamba tu, mzee, twende" hatalipa giaboksi yako.

Sasa fundi. Katika miji midogo ya njiani wapo mafundi wazuri sana, watu waliojifunza kwenye malori na mabasi, wanaotambua ugonjwa kwa sikio. Wapo pia wanaoisoma familia iliyochoka na kupanga bei kwa uchovu wake. Mpate fundi kupitia dereva wa basi au lori anayepita njia hiyo kila siku, au kupitia kituo cha mafuta. Kubalianeni bei ya kazi kabla spana haijagusa nati: "Fundi, tuelewane kwanza, kazi ni shilingi ngapi na kipuri ni shilingi ngapi?" Bei hizo mbili zitajwe mbalimbali. Kipuri kibovu ubaki nacho mkononi. Hilo halimvunjii heshima fundi mwaminifu, na nimewaona wengi wakikikabidhi wenyewe bila kuombwa.

Kipuri kisipopatikana, piga picha ya kilichoharibika, namba zake zionekane, mtumie ndugu aliyeko Dar. Aende Gerezani, Kariakoo, alinganishe picha na kitu, akipeleke stendi kwa basi linaloondoka. Akutumie jina la basi, namba za usajili na simu ya kondakta. Hela inakwenda kwa simu, kipuri kinakuja kwa basi, na gari lililozima Makanya mchana linaweza kuwaka kesho yake asubuhi. Mfumo huu haukuandikwa popote wala haukuanzishwa na ofisi yoyote, lakini unafanya kazi kuliko ahadi nyingi zilizoandikwa. Ukiwa na bima kubwa, isome kabla ya safari uone kama inalipia kuvutwa. Namba za bure za kuweka kwenye simu ya kila mtu mzima ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Lakini asubuhi ya kesho ina usiku kabla yake, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wanakaa wote pamoja na gari, kwa upendo na kwa imani kwamba fundi anamaliza sasa hivi. Saa kumi inapita, saa kumi na mbili inapita, giza linaingia na mtoto wa miaka miwili yuko kando ya barabara kuu bila chakula. Mimi nasema uamuzi ufanywe saa kumi alasiri, gari likiwa halijawaka. Watoto, wazee na mama mjamzito wapandishwe basi, pamoja na mtu mzima mmoja, waende Same au Mwanga au moja kwa moja nyumbani. Watu wazima wawili wabaki. Gari likilazimika kulala, lilale kituo cha polisi, kituo cha mafuta chenye mlinzi, au kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye ukimwendea kwa adabu na kujitambulisha atakutafutia hata mahali pa kulala. Upareni nimeona familia ya wageni ikipikiwa ugali na watu wasiowajua, na asubuhi wakakataa kulipwa.

Gari lipelekwe gereji angalau wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Kipuri kipya kina kawaida ya kufeli siku za mwanzo, kama kimefungwa vibaya au ni feki, na ni afadhali kifelie Tegeta. Beba maji ya gari lita 10 kwenye dumu lake, na maji ya kunywa kwenye dumu jingine, ili kiu ya injini isinywe maji ya watoto. Beba mkanda wa feni wa akiba, oili, tochi, tyubu kuukuu, nyaya za kubusti, na fedha taslimu ambazo hazijapangiwa kitu kingine chochote.

Neno langu la mwisho ni kwa mnaosubiri kijijini. Ninyi ndio mnaopiga simu kila nusu saa: mmefika wapi, mbona hamfiki, mbuzi ameshachinjwa, wajomba wote wapo. Dereva anayesoma mshale wa joto anawasikia ninyi, na wengi wanaoendelea kukimbiza gari bovu wanakimbilia sauti zenu. Mwaka huu, simu ikija kwamba gari limesimama, msiulize watafika saa ngapi. Ulizeni watoto wako wapi, wana maji, watalala wapi, na kama fedha ya fundi inatosha. Kisha mwambieni dereva kwa maneno yenu wenyewe kwamba hata akifika tarehe 26 nyama itakuwapo.